Siku Nilipozidisha Ngemi Mbili

Kuna wazee pale Ruiru ambao mpaka leo wakiniona barabarani hawanisalimu kwanza. Wananyanyua mkono, wananionyesha vidole vitatu, kisha wanaongeza viwili polepole, kisha wanacheka mpaka wanakohoa, na mimi nacheka nao, nifanye nini. Aibu ile sikusukumiwa na mtu. Niliitafuta mwenyewe kwa nguvu za miguu yangu, tena juu ya baiskeli ya kuazima, nikaibeba kutoka Ruiru mpaka Thika na kuirudisha kwa lori. Na kwa kuwa kila mtu huisimulia anavyotaka (yuko mmoja anayesema nilikuwa nimejifunga leso kiunoni, huo ni uongo mtupu), wacheni leo niwaambie mwenyewe ilivyokuwa, halafu mkitaka kucheka mcheke mkijua mnachekea nini.

Ilikuwa miaka ya hamsini ikielekea mwisho. Mimi Wafula nilitoka upande wa Bungoma nikiwa kijana mwembamba mwenye sanduku moja la mbao, nikapata kazi kwenye shamba la kahawa nje kidogo ya Ruiru, kazi ya kusimamia mashine ya kumenya buni. Tuliishi kwenye laini za shamba, zile safu za nyumba za wafanyakazi, Waluhya, Wakamba na Wakikuyu, na mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa rafiki yangu Gathogo. Nasema mlango wake, lakini yeye mwenyewe hakuonekana hapo sana, maana alifanya kazi Thika kwenye kiwanda cha mananasi na alilala hukohuko Makongeni pamoja na baba yake, Mzee Kariuki, aliyekuwa mlinzi wa usiku. Hali ya Hatari ilikuwa bado haijaondolewa, na Mkikuyu hakuweza kutoka Thika kuja Ruiru kumsalimu mke wake bila pasi yenye muhuri. Kwa hiyo katika nyumba ile walibaki wanawake watatu: Wanjiru, mke wa Gathogo, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza, Nyambura, dada yake Gathogo, na Tata Wairimu, shangazi yao, ambaye ndiye aliyekuwa serikali ya hapo. Mama yao, Njeri, alifariki katika ile miaka mibaya, na jina lake halikutajwa sana kwa sababu Mzee Kariuki akilisikia alikuwa anainuka na kutoka nje.

Sasa, Nyambura. Sitawaeleza alivyokuwa, mtasema nazidisha, nitawaambia tu kwamba alipokuwa akipita na kikapu chake cha buni kwenda kwenye mizani, mashine yangu ingeweza kumenya mawe na nisijue. Nilimpenda, na yeye alijua, laini nzima ilijua, na Tata Wairimu alijua kuliko wote. Siku moja akichambua maharagwe alisema mbele yangu, bila kupunguza sauti:

"Huyu Wafula ni kijana mzuri. Anafanya kazi, na hana matusi. Lakini akisikia ngemi hajui kumetokea nini. Nyambura, utaolewa na mtu wa kuelezwa kila kitu?"

Maneno hayo yaliniuma, na yaliniuma zaidi kwa sababu yalikuwa kweli. Ngemi nilikuwa nazisikia kila mara pale kwenye laini, lakini nilizisikia kwa masikio ya kwetu. Kwetu pia wanawake hupiga vigelegele, na mama yangu akianza hata ng'ombe wa ng'ambo ya mto huinua vichwa, ila yeye hupiga mpaka pumzi imwishie na hakuna anayehesabu. Halafu katekista wetu, Jumapili moja alipofika kwenye neno shangwe, aliwafafanulia Wakikuyu kwa kusema ngemi, nao wakatikisa vichwa kukubali, kwa hiyo mimi nikadhani nimelimaliza neno lote: ngemi ni shangwe, shangwe ni kelele, na kelele najua.

Basi nikamvizia Nyambura kwenye bomba la maji, nikamwuliza.

"Ngemi si kelele," alisema, akisukuma debe lake chini ya bomba. "Ni furaha, lakini ni furaha yenye inaongea. Kijana akizaliwa ni tano. Msichana ni tatu. Mtu ako huko mbali shambani anasikia, anahesabu, anajua ni nyumba gani na ni mtoto gani, anakuja na kuni ama anakuja na uji. Hakuna mtu anatumwa."

"Na yule asiyehesabu vizuri?"

"Nani hawezi kuhesabu mpaka tano?" akaniuliza, akajitwisha debe na kuondoka, na mimi nikabaki nikisema moyoni, kumbe ni kitu rahisi hivi, Tata Wairimu atanitambua.

Mwezi huo Gathogo na baba yake walipata pasi ya Jumapili moja, wakaja. Wakati wa kurudi Gathogo aliniachia baiskeli yake, nyeusi, yenye kengele iliyolia vizuri kuliko breki zake zilivyoshika. Mimi nikiwa Mluhya sikusumbuliwa sana na mambo ya pasi, na hilo alilijua.

"Siku ikifika, wewe ndiye utaniletea habari," aliniambia. "Usitume mtu. Panda, kuja."

Mzee Kariuki alikuwa amesimama hapo na kabuti lake la ulinzi, ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Akanitazama kutoka viatu mpaka nywele.

"Ukiniletea tano," akasema, "siku hiyohiyo utaniambia ile shida yako."

Shida yangu ilikuwa inajulikana na kila mtu, na wakati huo ilikuwa nyuma yetu ikiosha vikombe na kujifanya haisikii. Ili mjue uzito wa maneno ya mzee, sharti niwaeleze jambo moja. Kwa desturi yao kijana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, na msichana wa kwanza jina la nyanya mzaa baba, na wao hawasemi babu amepewa mtu wa jina lake, wanasema babu amezaliwa. Kwa hiyo mzee alikuwa anangoja kuzaliwa, na mimi nilikuwa nangoja azaliwe ili niombe mke. Nadhani mnaona nilivyozitaka ngemi tano. Hata baba wa mtoto hakuzitaka kama mimi.

Siku ikafika, Jumamosi, msimu wa buni, na mashine ilikuwa imezimwa mapema. Tangu asubuhi wanawake walikuwa wameijaa nyumba ya Gathogo, na mwanamume aliyekaribia alifukuzwa na Tata Wairimu kwa jicho tu. Mimi nilijiweka nyuma ya ua wa mabua na baiskeli, najifanya natia upepo gurudumu ambalo lilikuwa na upepo wa kutosha. (Nililitia upepo mpaka likawa gumu kama jiwe, na njiani makalio yangu yalilipa.) Moyo ulikuwa unanidunda mpaka nikaogopa nitashindwa kusikia.

Zikaanza. Moja, ndefu, nzuri, sauti za wanawake wengi pamoja, mwili ukanisisimka. Mbili. Tatu. Halafu kimya.

Niwaambie ukweli, kile kimya kilinivunja moyo. Nilishika usukani wa baiskeli nikatazama chini na kusema moyoni, basi, ni msichana, mzee atangoja na mimi nitangoja. Na hapohapo, kabla sijainua kichwa, sauti moja ikapanda peke yake, nyembamba lakini yenye nguvu: nne. Ikavuta pumzi. Tano.

Hapo ndipo palipokuwa na kile kitu kidogo ambacho kingeniokoa. Mlango haukuwa mbali. Nyambura alikuwa anaingia na kutoka na maji, ningesubiri kidogo tu nimwulize, "Ni nini?" na angenijibu. Lakini nikauliza? Mimi, niliyeambiwa sijui ngemi? Niende mlangoni mbele ya Tata Wairimu nikiwa na masikio mawili mazima niulize kumezaliwa nini? Nilijiambia Wafula, umesikia tano, tano ni tano, panda. Nikapanda.

Jamani, nilivyoendesha siku ile sijawahi kuendesha tena. Nilipita madukani Ruiru nikipiga kengele mfululizo, watu wakaniuliza kuna nini, nikawajibu bila kusimama, "Kijana, kwa Gathogo," na wao ambao nusu yao hawakumjua Gathogo wakanipungia mikono. Kwenye kizuizi askari alinyoosha bunduki yake kunisimamisha, nikasimama kwa shida (zile breki), akaniuliza nakimbia nini, nikamwambia kijana amezaliwa na baba yake yuko Thika hajui. Akanitazama, uso ukamlegea, akasema, "Wa kwanza?" Nikasema wa kwanza. Akaniambia pita, tena akanisukumia baiskeli nianze kilima vizuri.

Mbele kidogo ya Juja, mahali mkonge unapoishia na kahawa inaanza, kulikuwa na kina mama wa shamba jingine wakichuma karibu na barabara. Nao nikawaambia. Sikuwajua, hawakunijua, lakini walitua vikapu vyao chini na kupiga ngemi tano moja kwa moja, zikanifuata nyuma mpaka nikashuka bondeni, na mimi machozi yakanitoka nikiwa juu ya baiskeli. Hapo ndipo nilipolielewa lile neno, au nilidhani nimelielewa: kwamba furaha ya mtu usiyemjua unaweza kuipokea na kuipitisha mbele kwa mdomo wako mwenyewe, na haipungui. Nilijiona mtu mkubwa. Nilijiona Mkikuyu kabisa.

Nilifika kiwandani Thika shati likiwa limeshikana na mgongo. Bawabu alikuwa Shikuku, mtu wa kwetu, nikamweleza kwa Kiluhya nikihema, na yeye badala ya kumwita Gathogo kimyakimya kama bawabu mwenye akili, alifungua mlango mkubwa wa pale wanawake walipokuwa wakimenya mananasi akatangaza kwa sauti yote aliyopewa na Mungu kwamba Gathogo amepata kijana. Mabati yalitetemeka. Ngemi tano chini ya mabati si kitu cha kusimuliwa. Gathogo alitoka akikimbia na gambuti zake na aproni inayotiririka maji ya nanasi, akaninyanyua juu akanizungusha, nikanata mwili mzima, na hata nyapara, ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, alicheka na kumpeleka ofisini kupigiwa muhuri pasi mbili, yake na ya baba yake, mpaka Jumatatu.

Mzee Kariuki aliletwa kutoka Makongeni akiwa ameamshwa usingizini, kabuti mwilini, rungu mkononi. Alisimama mbele yangu.

"Tano?"

"Tano, baba."

"Ulihesabu wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, baba."

Akavua kofia. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Akasema polepole, "Basi leo nimezaliwa." Na kuanzia hapo mzee yule ambaye kwa kawaida alikuwa anahesabu maneno yake alibadilika akawa mtu mwingine, akawa anakwenda kwa kila mtu pale langoni akimpa mkono na kumwambia, "Nisalimie, mimi ni mtoto wa leo," na watu wakamsalimu wakicheka, na mmoja akamwuliza kama ameshaota meno.

Bahati ikatuongezea. Lori la shamba letu lilikuwa limeleta kahawa kinuni Thika na sasa lilikuwa linarudi tupu, na dereva wake, Mutua, Mkamba mpenda furaha, alikubali kutubeba. Tukapakia baiskeli, tukapakia gunia la mananasi tuliyopewa na wafanyakazi, na mwanamke mmoja akamtupia Gathogo kofia ndogo ya kijana aliyokuwa akimfumia mjukuu wake. Tukazunguka kwanza upande wa Ngoingwa kwa sababu mzee alikuwa na kondoo dume aliyekuwa akimnenepesha kwa rafiki yake kwa ajili ya siku hii tu. Yule kondoo alipandishwa nyuma tulipokuwa, akanikanyaga mguu, na hakuuondoa.

Tulipofika barabara kubwa, mzee akanigeukia.

"Sasa sema shida yako."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu, nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwenye mashine miezi mingi, lakini upepo ulikuwa mwingi na kondoo alikuwa ameanza kutafuna mfuko wa koti langu, nikasema tu, "Ni Nyambura, baba."

"Nilijua," akasema. Gathogo alinipiga kofi la mgongoni. "Tutaongea nikishajiona," mzee akaongeza.

Nani kama mimi? Na Mutua naye, alipoelezwa mambo ya ngemi, akasema honi yake inaweza kuhesabu pia. Tukawa kila tunapopita watu anapiga honi tano. Juja tano. Kwenye kizuizi tano, na yule askari akasimama wima akatupigia saluti. Madukani Ruiru tano, watu wakatoka nje, na mzee akasimama juu ya lori na kofia mkononi akiwaambia, "Ni mimi, nimezaliwa." Sijui kama kuna kijiji kilichobaki kati ya Thika na Ruiru ambacho hakikuarifiwa.

Tukaingia kwenye laini kwa honi tano za mwisho, ndefu kuliko zote.

Wanawake walitoka. Nilitarajia ngemi, lakini walisimama tu. Tata Wairimu akaja mbele, mikono kiunoni.

"Hizo honi ni za nini?"

"Ni za kijana, mama," akasema Mutua, bado akitabasamu.

"Kijana wa nani?"

Mutua akamtazama Gathogo, Gathogo akanitazama mimi. Nyuma ya Tata Wairimu nilimwona Nyambura na kibuyu cha uji, naye alikuwa ananitazama mimi vilevile, na polepole, karibu na sketi yake, akanyoosha vidole vitatu.

Mtu mwenye akili hapo angenyamaza, lakini mimi nikaanza kujitetea. "Nilihesabu tano," nikasema. "Zilipigwa tatu, halafu mbili. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Halafu mbili?" Tata Wairimu akafikiri. Kisha akageuka, na sisi sote tukageuka naye, tukamtazama Cucu Wambui, bibi kizee wa nyumba ya pili, aliyekuwa ameketi kando ya mlango akitabasamu kwa furaha. Masikio ya Cucu Wambui yalikuwa yameisha zamani. Tata Wairimu akamwinamia na kumpigia kelele sikioni, "Cucu, wewe ulipiga ngapi?"

"Tatu," akasema Cucu Wambui. "Sasa mimi si nangoja nione midomo yenu? Nikaona imefunguka, nikaanza. Nikapiga zangu tatu, nikanyamaza. Sikuzidisha hata moja."

Na kweli hakuzidisha. Alikuwa ameanza wakati wenzake wako kwenye ya tatu, na zake mbili za mwisho zikatoka peke yake, na nyuma ya ua alikuwapo mjinga mmoja na baiskeli akizijumlisha.

Mutua alianza kucheka, akaona nyuso, akaacha. Gathogo aliketi juu ya gunia la mananasi, ile kofia ndogo ikiwa mkononi. Kondoo alilia. Na wote wakainua macho kumtazama Mzee Kariuki, ambaye alikuwa bado amesimama juu ya lori baada ya kuiambia Thika na Ruiru nzima kwamba amezaliwa, na hakuwa amezaliwa. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuingia, hata chini ya gurudumu. Sikufikiria tena hata Nyambura, huyo nilikuwa nimeshampoteza. Nilikuwa naona zile nywele nyeupe tu.

Mzee akashuka, mguu mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Nikamwambia, "Baba, nimekukosea sana." Hakunitazama.

Akamwuliza dada yake, "Kwa hivyo ni Njeri?"

Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akilitaja jina hilo.

"Ni Njeri," Tata Wairimu akajibu, na sauti yake nayo ikawa imelainika. "Yeye mzima, mama yake mzima. Amelia mpaka tukafurahi."

Mzee aliegemea ubavu wa lori. Mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikajua sasa nimemliza mzee wa watu hadharani, kumbe alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka vilevile, hakuyafuta.

"Yeye hakuwahi kuningoja," akasema. "Hata tukienda soko, mimi niko hapa nafunga viatu, yeye amefika mtoni. Nikimwita ananiambia, utanipata mbele. Sasa hata hii ameniacha nyuma."

Tata Wairimu akaivunja kidogo desturi ya mtoto mchanga kutotolewa nje. Alimwambia Nyambura amlete mtoto mpaka kizingitini, amefunikwa vizuri, na mzee akaenda akasimama mbele ya kile kitu kidogo chekundu kilichokunja uso. Akasema, "Njeri, umerudi. Mimi bado niko." Wanawake wakaanza kulia, Gathogo naye, na mimi (nililia kuliko baba wa mtoto, kwa furaha na kwa woga, sikuweza kuvitenganisha).

Ningependa kuwaambia iliishia hapo. Lakini Tata Wairimu hakuwa mtu wa kusahau.

"Na huyu wa ngemi tano?" akauliza.

Mzee akanitazama kwa mara ya kwanza. "Huyu amemtangaza kila mahali mtu ambaye hajazaliwa," akasema. "Na Njeri, ambaye amezaliwa, hakuna mtu anajua. Si haki. Atamtangaza yeye mwenyewe. Aanzie hapa."

"Kwa honi?" nikauliza, nikiwa na matumaini.

"Kwa mdomo."

Nataka mfahamu kwamba mwanamume hapigi ngemi. Hapigi kabisa. Lakini laini yote ilikuwa imeshanizunguka, Wakamba wamekuja, Waluhya wenzangu wamekuja na sahani zao za chakula mikononi, na Mutua alikuwa ameketi juu ya boneti ili aone vizuri. Nikafungua mdomo. Ya kwanza ilitoka kama jogoo mdogo anayejaribu sauti, watu wakaanguka chini kwa kicheko. Ya pili ikawa afadhali. Halafu sijui nini kilinipata, nilimkumbuka mama yangu na wale ng'ombe wa ng'ambo ya mto, nikamtazama yule mtoto kizingitini, na furaha yote ya siku ile, ile ya barabarani, ile ya kiwandani, ikarudi kwa mara moja, ya tatu ikatoka ndefu, safi, mpaka Cucu Wambui akageuza kichwa (nadhani aliisikia), na nikiwa katika utamu huo nikavuta pumzi nyingine, kifua kikajaa, mdomo ukafunguka kwa ya nne.

Kiganja kikanifunika mdomo. Nyambura alikuwa ameshamrudisha mtoto ndani, akaja mbio, akaniziba mdomo mbele ya shangazi yake, kaka yake, baba yake na watu wote wa shamba.

"Tatu," akaniambia. "Tatu, Wafula."

Kicheko kikakatika. Msichana kumgusa mwanamume hadharani namna hiyo, siku zile, halikuwa jambo dogo, na yeye mwenyewe aliligundua akiwa ameshachelewa, lakini mkono hakuuondoa upesi. Ulikuwa unanuka uji.

"Basi," akasema Mzee Kariuki. "Huyo mwenye mkono ndiye atakayemfundisha kuhesabu."

Ndivyo nilivyopewa mke, na mdomo umezibwa, hata asante sikuweza kusema.

Adhabu haikupunguzwa kwa sababu hiyo. Jumatatu tuliporudi Thika na lori, Mutua alisimama kila mahali tulipokuwa tumepiga tano, akapiga honi tatu, na mimi nikashuka kueleza. Madukani Ruiru walinifanya nipige zote tatu upya. Yule askari alisema angenitia ndani kwa habari za uongo, kisha akauliza jina la mtoto, akasema mama yake pia ni Njeri. Wale kina mama wa kahawa mbele ya Juja, waliposikia ni msichana, walitua vikapu wakampigia zake tatu kwa nguvu ileile waliyozipigia zile tano, kana kwamba hakuna kilichoharibika.

Tangu siku hiyo niliapa, na kiapo hicho nimekishika, kwamba sitabeba tena habari niliyoisikia nyuma ya ua huku mlango uko wazi na wa kuulizwa yupo. Nyambura alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, hapohapo kwenye laini, nilikuwa nje na baiskeli, na mwenzangu mmoja alikuwa amejitolea nimtume kokote nitakako. Ngemi zikapigwa. Nilizisikia vizuri kabisa, moja, mbili, tatu, kisha kimya, na yule mwenzangu akashika usukani akasema, "Msichana, nipeleke?" Nikamwambia tulia. Nikailaza baiskeli chini, nikaketi, nikangoja Cucu Wambui amalize zake.